Vifuniko vya Magurudumu kwenye Magari ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, vifuniko vya magurudumu vina kazi yoyote, au ni urembo mtupu?

Vilianza kama kifaa cha kazi. Katika magari ya mwanzo, kikombe kidogo cha chuma kilifungwa kwenye kitovu cha gurudumu ili grisi ya beringi isivuje na vumbi lisiingie. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1908, ilikuwa na vikombe vya namna hiyo. Rimu za chuma zilipochukua nafasi ya zile za mbao, beringi ilipata kifuniko chake cha ndani, na kile cha nje kikabaki na kazi ya kuficha nati na kulipendezesha gurudumu. Hata hivyo, faida ndogo ingalipo. Nati zinazokaa wazi katika mvua za Kakamega au Kisii hushika kutu upesi, na siku ya panchari mwenye gari huishia kusimama juu ya spana ya magurudumu kwa uzito wake wote huku nati ikikataa kusogea.

Katika maelezo yanayofuata, kifuniko cha kitovu ni kile kidogo kinachofunika sehemu ya katikati tu, na wilikapu ni ile pana inayofunika rimu nzima hadi karibu na tairi. Tofauti hiyo inastahili kuzingatiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri na ubaya wa vifaa hivi inatokana nayo.

Ni gari lipi la zamani lililokuwa na vifuniko bora kuliko yote?

Kwa maoni yangu, ushindi ni wa Volkswagen Beetle. Kifuniko chake ni bakuli la chuma lililopakwa kromu, lenye alama ya VW katikati, na hushikwa na vibanio vya springi vilivyopigwa ripiti kwenye rimu yenyewe. Kifuniko chenyewe hakina sehemu ya kuvunjika. Kikibonyea, hunyooshwa kwa upande wa ndani. Ukingoni kuna matundu mawili madogo ambayo watu wengi hudhani ni ya kutolea maji, kumbe ni ya kuingizia ndoano ya waya iliyokuja pamoja na vifaa vya gari, ili mtu akivute kifuniko bila kukikwaruza kwa bisibisi. Ukikitoa kile cha gurudumu la mbele la kushoto, utaona jambo jingine la kuvutia: ncha ya mraba ya kebo ya spidi imepenya katikati ya kikombe cha grisi na kufungwa kwa pini ndogo, kwa sababu mshale wa spidi wa Beetle huendeshwa na gurudumu hilo. Fundi asiyelijua jambo hili hukipiga kikombe kwa nyundo, na mwenye gari hurudi nyumbani akiwa na mshale wa spidi uliolala kwenye sifuri. Vile vya miaka ya 1950 vimechongoka kuliko vilivyokuja kuanzia katikati ya miaka ya 1960, ambavyo ni bapa zaidi, na mimi navipenda vile vya kwanza.

Nafasi ya pili ni ya Mercedes-Benz, hasa zile za mwishoni mwa miaka ya 1960 na aina ya W123 iliyozinduliwa mwaka wa 1976. Waliozibuni waliamua kwamba sahani ya gurudumu (yaani kifuniko chake) ipakwe rangi ileile ya bodi, nyota ikikaa katikati. Uamuzi huo mdogo ulilifanya gari lionekane kana kwamba limechongwa kutoka kipande kimoja, na ndiyo sababu W123 iliyotunzwa bado hugeuza shingo za watu katika Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru. Udhaifu wake umo katika uzuri huohuo. Sahani moja ikipotea, ile inayonunuliwa kwa wauza spea hutoka kwenye gari la rangi nyingine, na gari jeupe lenye sahani moja ya samawati nyuma kulia huonekana vibaya kuliko lile lisilo na sahani hata moja. Anayenunua sahani ya namna hiyo na aipeleke moja kwa moja kwa mpaka rangi kabla ya kuifunga.

Peugeot 504 naiweka ya tatu. Ilizinduliwa mwaka wa 1968, ikaunganishwa kwa miaka mingi mjini Mombasa, na katika barabara za Magharibi ya Kenya ilibeba abiria, maiti, ng'ombe na magunia ya mahindi bila kulalamika. Kifuniko chake ni kidogo, cha chuma king'aacho, na hakijifanyi kuwa kitu kingine. Rimu yenyewe huonekana, matundu yake yako wazi, na matope hupata pa kutokea.

Renault 4, ambayo hapa Kenya watu waliizoea kwa jina la Roho, haimo katika tatu bora, lakini inastahili kutajwa kwa unyenyekevu wake: gurudumu lake hushikwa na nati tatu tu, na halikuhitaji mapambo makubwa.

Na vilivyo vibaya kuliko vyote ni vipi?

Vibaya kuliko vyote ni wilikapu za plastiki za jumla, yaani zile zinazouzwa nne nne ndani ya mfuko wa nailoni bila kutengenezwa kwa ajili ya gari lolote mahususi, zikiwa zimefinyangwa ziigize rimu ya aloi. Nyingine hufika hatua ya kuwa na nati za plastiki zilizochorwa juu yake, na mara kwa mara idadi ya nati hizo hailingani na ya nati halisi zilizo chini. Corolla yenye nati nne huzunguka mji ikionyesha tano. Ubaya wake si wa macho tu, kwani ukingo wa wilikapu ya jumla haufuati umbo la rimu, na kwa sababu hiyo hugongana na vile vipande vya risasi vinavyopigwa ukingoni wakati wa kubalansi magurudumu, hulala upande, husugua ubavu wa tairi, na mara nyingi huliziba tundu la vali, hivi kwamba mtu hulazimika kuing'oa yote ili apime upepo.

Zinazofuata kwa ubaya ni zile za plastiki iliyopakwa rangi ya kromu. Kwa miezi michache hung'aa kuliko chuma halisi, kisha ngozi ile ya juu huanza kubambuka vipande vipande, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kuna pia zile zenye mabawa yanayochomoza katikati. Mtindo huo ulivuma sana Marekani baada ya Oldsmobile Fiesta ya mwaka wa 1953, iliyokuwa na mabawa matatu kwenye kila gurudumu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi hiyohiyo ikaweka kanuni ya kuzuia vifuniko vyenye mabawa yanayochomoza, kwa kuwa yangeweza kumjeruhi mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli. Kanuni ile iliondolewa miaka ya 1990, lakini hoja yake haijazeeka. Katika mzunguko wa Kondele mjini Kisumu, ambako bodaboda hupita katikati ya magari mawili huku goti la abiria likikaribia mlango, hakuna sababu ya kuweka chuma kinachozunguka kwenye kimo cha mguu wa mtu.

Baba yangu aliniachia Peugeot 504. Fundi ananishauri nitupe rimu za chuma na vifuniko vyake, niweke rimu za aloi. Nifanye nini?

Usitupe chochote. Ukitaka aloi, ziweke, lakini zile za chuma pamoja na vifuniko vyake zipake mafuta kidogo, zifunge kwenye gunia na uziweke mahali pakavu juu ya sakafu. Gari la umri huo huthaminiwa kwa ukamilifu wake, na vifuniko vinne vinavyofanana ni vigumu kuvipata kuliko bampa. Kabla ya kununua aloi, hakikisha pia kwamba matundu ya nati, umbali kati yake na kina cha rimu vinalingana na kitovu cha gari lako, na kwamba nati zenyewe zimetengenezwa kwa ajili ya aloi, kwa kuwa nati ya rimu ya chuma inaweza kutokaa sawa kwenye aloi.

Mzee wako pengine aliendesha gari hilo kutoka Kisumu hadi Nairobi mara nyingi akiwa na rimu hizohizo. Sioni kosa lake.

Nitajuaje saizi ya wilikapu ya kununua?

Soma ubavu wa tairi. Kwenye maandishi kama 175/70R13, namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na ndiyo saizi ya wilikapu. Corolla nyingi za miaka ya 1980 hutumia inchi 13, Probox hutumia 13 au 14 kulingana na toleo, na Datsun 1200 ya miaka ya 1970 hutumia 12, saizi ambayo siku hizi imeadimika sana. Wilikapu ya 14 haiwezi kupunguzwa ikaingia kwenye 13, hata muuzaji akiapa namna gani.

Kwa nini wilikapu zangu huanguka kila mara?

Sababu ni kadhaa, na zote hurudi kwenye jinsi wilikapu ya plastiki inavyoshikwa. Nyuma yake kuna meno ya plastiki yaliyopangwa kwa duara, na ndani ya meno hayo kuna pete ya waya inayoyasukuma nje ili yabane ukingo wa rimu. Jino moja likivunjika, waya hulegea upande huo. Meno mawili ya jirani yakivunjika, wilikapu huanza kutembea kidogo kidogo juu ya rimu hadi ifike kwenye tuta la kwanza. Anayetaka kuziokota wilikapu za watu na asimame baada ya matuta yaliyo karibu na shule yoyote iliyo kando ya barabara kuu.

Mara nyingi kosa hutendeka kwenye karakana ya tairi. Kijana huichomoa wilikapu kwa kuisukuma upande mmoja kwa bisibisi ndefu, meno mawili hulia, kisha baada ya kazi huirudisha kwa kuipiga teke. Utaratibu sahihi ni huu: ivute kidogo kidogo kwa kuzunguka ukingo wote, kabla ya kuirudisha, hakikisha waya umekaa ndani ya kila jino, elekeza mkunjo wa waya kwenye vali ya tairi, anza kuibana upande wa vali, kisha malizia upande wa pili kwa kiganja. Kukiwa na baridi kali asubuhi, kama ilivyo kawaida Molo au Timboroa, plastiki iliyozeeka huwa ngumu na huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo subiri jua lichomoze au uimwagie maji ya uvuguvugu.

Sababu nyingine ni rimu yenyewe. Rimu iliyokunjika ukingoni kwa sababu ya mashimo haishiki wilikapu yoyote, iwe mpya au nzee, na dawa yake ni kuinyoosha rimu kwanza.

Je, ni vibaya kuzifunga kwa kamba za plastiki?

Si vibaya, mradi ufunge tatu au nne kwa umbali sawa, ukate mikia yake, na uhakikishe hakuna kamba inayogusa vali au dramu ya breki. Chukua rangi inayofanana na wilikapu. Weka pia kisu kidogo na kamba za akiba ndani ya gari, kwa sababu panchari ikitokea usiku hutaweza kuzifungua kwa vidole.

Nimesikia kwamba wilikapu huchemsha breki. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo huhitaji hewa ya kuliondoa. Rimu za chuma zilitobolewa matundu kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine. Wilikapu iliyo bapa isiyo na matundu hupunguza hewa inayopita. Kwenye barabara tambarare ya Ahero hutaona tofauti. Lakini katika mteremko mrefu wa Sachangwan na Salgaa, au unapoteremka kutoka Nandi Hills kuelekea Chemelil, gari la zamani lenye breki za dramu linaweza kuanza kupoteza nguvu ya breki, na hapo kila kinachozuia hewa huongeza tatizo. Wilikapu peke yake haimwangushi mtu. Anayekanyaga breki mfululizo badala ya kushuka kwa gia ndogo ndiye anayezichemsha, na wilikapu iliyozibwa humnyima nafuu kidogo ambayo angeipata. Ukisimama chini ya mteremko ukasikia harufu ya kuungua, usimwage maji juu ya magurudumu. Subiri yapoe yenyewe.

Watengenezaji wa magari mapya nao hutumia wilikapu zilizozibwa kwa sababu hupunguza ukinzani wa hewa. Toyota Prius, kwa mfano, imewahi kuja na wilikapu ya plastiki juu ya rimu ya aloi. Hao, hata hivyo, waliipima pamoja na breki za gari hilo, jambo ambalo muuza wilikapu za jumla hakulifanya.

Kila mvua inaponyesha usukani hutetemeka, ilhali magurudumu yamebalansiwa. Je, wilikapu zinahusika?

Huenda zinahusika. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano hunata ndani ya rimu, nao ukikauka upande mmoja hulitoa gurudumu katika balansi kabisa. Kwenye rimu iliyo wazi, tope hilo huonekana na kuoshwa. Chini ya wilikapu hukaa wiki nzima, huku gari likioshwa kila Jumapili kando ya ziwa na kurudi nyumbani liking'aa kwa nje. Toa wilikapu, osha rimu kwa nje na kwa ndani, kisha ujaribu tena kabla ya kumlipa mtu abalansi upya.

Wilikapu ya plastiki ikipasuka inaweza kurekebishwa?

Inaweza, lakini kwanza igeuze usome nyuma. Wilikapu nyingi halisi zina herufi zinazotaja aina ya plastiki. Zikiwa ABS, ufa hushikana vizuri: chukua vipande vya plastiki ya aina hiyohiyo, viyeyushe katika asetoni mpaka viwe uji mzito, paka kwa upande wa nyuma na uache vikauke hadi kesho yake. Zikiwa PP, gundi za kawaida hazitashika, hata ile ya haraka inayouzwa katika kila kioski. Hapo dawa ni kuchomelea kwa pasi ya lehemu, ukizamisha kipande cha wavu mwembamba wa waya ndani ya plastiki iliyolainika. Zikiwa PA, yaani nailoni, njia hiyo ya kuchomelea ndiyo bora pia. Fanya kazi hii nje, kwani moshi wake ni mbaya.

Kuhusu rangi, kosa la kawaida ni kupulizia rangi ya fedha juu ya uchafu. Osha kwa sabuni, piga msasa laini wa maji, paka rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki, kisha pulizia rangi yenyewe kwa matabaka mepesi. Kwenye PP, ukiiruka rangi hiyo ya kwanza, kazi yako yote itabambuka mara ya kwanza gari litakapooshwa kwa maji ya nguvu.

Na vya chuma vilivyoshika kutu?

Kutu nyepesi juu ya kromu huondoka kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, ambayo husuguliwa taratibu kwa duara. Maliza kwa nta ya gari. Kutu iliyotoboa kromu hadi kwenye chuma haiondoki hivyo, na kifuniko hicho huhitaji kupakwa kromu upya, kazi ambayo gharama yake mara nyingi huzidi bei ya kifuniko kingine. Cha chuma kisichoshika kutu usikisugue kwa sufi ya chuma ya kawaida, kwa sababu huacha chembe zinazoshika kutu baadaye, na mtu akadhani kifuniko kimeoza.

Ninaweza kuvipata wapi, na nichunguze nini?

Mjini Kisumu, anzia kwa wauza spea wa jua kali walio karibu na soko la Kibuye na karakana za Barabara ya Obote. Mjini Nakuru, zungukia eneo la viwanda. Muuzaji atakuambia, "Boss, hii ni original kabisa," naye atakuwa amekuonyesha upande wa mbele peke yake. Igeuze. Hesabu meno, angalia kama waya ni kamili, na uilaze mezani uone kama imepinda. Angalia pia kama kuna namba ya gari iliyochorwa nyuma. Wamiliki wengi huchora namba zao kwenye vioo vya pembeni na kwenye wilikapu kwa sababu ya wizi, na ukiona namba iliyokwaruzwa ili isisomeke, irudishe mezani na uondoke, kwa kuwa anayenunua mali ya wizi ndiye anayempa mwizi soko.

Itakuwaje nikiendesha bila vifuniko kabisa?

Hakuna litakaloharibika, na mara nyingi gari litapendeza zaidi. Magari ya mashindano huvuliwa vifuniko kabla ya mbio, kwa kuwa kifuniko kinachofyatuka ni hatari na nati hukaguliwa haraka zikiwa wazi. Nikiambiwa nichague kati ya kuwa na wilikapu tatu za aina moja na ya nne isiyofanana nazo, au kutokuwa na yoyote, ningezitoa zote. Piga rimu brashi ya waya, ondoa kutu, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi au ya fedha, ukiziba mahali nati inapokalia ili rangi isikae chini yake, kwa sababu rangi nene hapo husagika na nati hulegea. Hakikisha kikombe cha grisi kipo mahali pake na hakijatoboka, kaza nati kwa mpangilio wa kukabiliana, yaani moja kisha ile iliyo upande wa pili, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.